Picha Haipati Heshima kwa Kukaribia Dari

Katika nyumba nyingi za Mbeya, kuanzia Soweto hadi Uyole, picha za harusi, za mahafali na za wazee waliotangulia hutundikwa juu kabisa, shubiri moja chini ya dari, kwa imani kwamba picha ikishushwa inakosa heshima. Huenda tumeiga ofisini, ambako picha ya Rais huwa juu ya vichwa vya wote. Lakini sebule si ofisi.

Jicho la mtu mzima aliyesimama huwa karibu mita moja na nusu kutoka sakafuni, na ndiyo maana majumba mengi ya makumbusho huweka katikati ya picha kwenye sentimita 145 hadi 152. Picha zikiwa nyingi, kipimo hicho ni cha katikati ya kundi zima, si cha kila fremu: zipange kwanza sakafuni juu ya mkeka, ukiacha sentimita 5 hadi 8 kati ya moja na nyingine, ndipo ushike nyundo.

Wapo wanaodai kwamba juu ndiko kunakookoa picha na unyevu. Huku kwetu, mvua za Novemba hadi Aprili hulowesha ukuta wa nje juu na chini, hasa bati likivuja. Afadhali ukuta wa ndani, pamoja na vipande vya kandambili kuukuu vilivyobandikwa nyuma ya pembe za fremu ili hewa ipite. Niliwahi kufungua fremu iliyokaa ukuta wa nje kwa miaka: picha ilikuwa imegandana na kioo, na nusu ya uso ikabaki kiooni.