Msidanganywe na taarifa ya M-Pesa ya mwaka wa corona

Kila ugonjwa mpya ukitangazwa kwenye habari, simu yangu huanza kulia. Ilikuwa hivyo mpox ilipothibitishwa nchini Kenya Julai 2024, na swali halijabadilika tangu hapo: “Madam, si corona ilipokuja wauzaji wa mtandaoni waliomoka, wakatajirika? Hii nayo ikishika, si ndio wakati wa kuchukua mkopo tujaze mzigo?” Wa mwisho kuniuliza alikuwa ameshazungumza na watu wa sacco, na pikipiki ya babake ndiyo iliyokuwa iwekwe dhamana. Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Naandika hapa ili mwingine akipiga nimtumie kiungo.

Mimi hutunza vitabu vya wafanyabiashara wadogo Kisumu. Wengi wao huuza kwa Facebook na statasi za WhatsApp, wachache wako kwenye masoko ya mtandaoni ya Jumia na Jiji. Hesabu zao za 2020 na 2021 nilizipitia mstari kwa mstari, na picha iliyomo haifanani hata kidogo na hadithi ya kuomoka.

Najua hadithi hiyo ilikotoka. Amazon iliingiza dola bilioni 280 mwaka 2019, na mwaka uliofuata ikafika bilioni 386. Etsy, ambako watu huuza kazi za mikono, mauzo yalizidi maradufu hadi dola bilioni 10 na zaidi, na Aprili 2020 pekee barakoa milioni 12 ziliuzwa huko. Lakini mnunuzi wa Marekani alikuwa ametumiwa hundi ya dola 1,200 na serikali yake, nyumba yake ina anwani, na pesa ambayo angeitumia mikahawani na kwenye ndege ilibaki ikitafuta pa kwenda. Ugonjwa ulimzuia kutoka, haukumnyang'anya pesa yote. Sasa mtazame Jumia, kampuni inayouza kwetu Afrika: thamani ya bidhaa zilizopitia kwao mwaka 2020 ilishuka ikilinganishwa na 2019. Sehemu ya kushuka huko ilitokana na uamuzi wao wenyewe wa kupunguza simu na vyombo vya umeme vya bei kubwa na kutia nguvu kwenye vitu vya matumizi ya kila siku. Hata hivyo, wanunuzi waliongezeka na thamani ya mauzo ikapungua. Watu wengi zaidi, kila mmoja na kiasi kidogo. Ukielewa hilo umeelewa nusu ya ninachotaka kusema.

Nusu ya pili ndiyo inayoniudhi, na nitakaa hapo.

Mtu huniletea taarifa yake ya M-Pesa ya 2020, ananionyesha jinsi miamala ilivyopanda kuanzia Aprili, kisha anasema: unaona? Naona. Naona pesa imebadilisha njia. Katikati ya Machi 2020, siku chache baada ya mgonjwa wa kwanza kutangazwa, ada ya kutumiana hadi shilingi 1,000 kwa M-Pesa iliondolewa, na iliendelea kuwa bure hadi mwisho wa Desemba. Wakati huohuo kila mtu alikuwa anaambiwa noti zinabeba virusi. Mama aliyekuwa akimlipa muuza samaki noti mkononi akaanza kumtumia kwa simu. Samaki ni yuleyule, bei ni ileile, ila sasa ununuzi huo una rekodi. Jana haukuwa nayo.

Kisha kuna mchezo ambao aliyeishi Kenya mwaka ule anaujua. Bure ilikuwa mwisho 1,000. Mteja wa viatu vya 2,500 alituma 1,000, akatuma 1,000 tena, akamalizia na 500. Kwenye taarifa hiyo ni miamala mitatu. Kwenye kabati ni jozi moja ya viatu iliyoondoka. Ukihesabu miamala utasema biashara imepanda mara tatu.

Tena kwa kuwa kutumiana kulikuwa bure, wauzaji wengi waliacha kutaja namba ya biashara ya Lipa na M-Pesa na kutoa namba zao binafsi. Namba hizo ndizo zilizopokea mchango wa chama cha akiba, kwa kuwa mikutano ilikatazwa, sadaka ya watu wa kanisa dogo ambalo mweka hazina wake ndiye huyohuyo muuzaji, na hela ya dada aliye Nairobi ya kumnunulia mama dawa. Yote imo kwenye taarifa moja. Nilipokuwa nikizipitia nilikuwa na kalamu tatu, moja ya mauzo, moja ya pesa za watu, moja ya mikopo. Rangi ya mikopo ilikuwa ikizidi kadiri mwaka ulivyosonga. Fuliza, ule mkopo mdogo wa M-Pesa salio likipungua, ya 300 asubuhi, inalipwa mchana mteja akilipa, jioni inachukuliwa tena. Pesa hiyo inaingia na kutoka kila siku na kuupandisha mzunguko, na haina faida hata ya shilingi.

Kosa hili lina madhara. Mikopo ya simu hupima mzunguko wa pesa zako. Aliyepokea sadaka na michango kwa namba yake alipandishiwa kiwango cha kukopa kwa pesa ambazo si zake, akakopa, akanunua mzigo, na mzigo haukutoka. Nimewaona waliofika hapo. Ndiyo maana nakasirika mtu akinionyesha grafu inayopanda na kuniambia hayo ni mauzo.

Upande wa mzigo nitakwenda haraka, ingawa watu husahau kwamba huko ndiko tulikoumia kwanza. Corona iliwafikia wauzaji wa vifuniko vya simu na vifaa vya nywele kabla haijawafikia wagonjwa wa Kenya. Wuhan ilifungwa tarehe 23 Januari 2020, siku mbili kabla ya mwaka mpya wa Kichina, msimu ambao viwanda vya huko hupumzika hata mwaka wa kawaida. Vikachelewa kufunguliwa, na kuanzia Februari bei ya jumla ilikuwa inapanda. Mwishoni mwa Machi serikali yetu ikasimamisha uingizaji wa mitumba hadi Agosti. Aliyekuwa na marobota ghalani alipandisha bei. Aliyekuwa akichukua kidogokidogo kila wiki, na hao ndio wengi wa wauzaji wa mtandaoni, hakuwa na cha kupandishia bei.

Kuna kitu kinachohusu huku kwetu hasa ambacho wachambuzi wa Nairobi hawakigusi. Magharibi mwa Kenya, mzigo wa muuzaji mdogo husafiri na abiria. Madera kumi ya kutoka Eastleigh, Nairobi, hayapandi lori. Yanatiwa kwenye mfuko, yanaandikwa jina na namba ya simu kwa kalamu nzito, na kuwekwa kwenye buti la basi la usiku. Asubuhi unayachukua stendi. Kafyu ya kuanzia saa moja jioni ilipoanza tarehe 27 Machi 2020, mabasi ya usiku yalikwisha. Tarehe 6 Aprili Nairobi ikafungwa na magari ya abiria hayakutoka tena hadi Julai. Serikali ilisema bidhaa zinaruhusiwa kupita, na ni kweli, malori yalipita. Lakini lori linamfaa mwenye mzigo wa kujaza lori. Wateja wangu walilazimika kuchanga watu wanane au zaidi, kulipa nafasi kwenye lori la mtu, na kungoja hadi kila mmoja apate pesa ya kuagizia. Mzigo wa siku moja ukawa wa wiki. Mteja aliyeagiza gauni la shughuli ya Jumamosi hakulihitaji tena Jumatano ya wiki iliyofuata.

Matatu za hapa ndani nazo, zile za abiria kumi na wanne, zilibeba wanane. Nauli ikapanda, na ada ya kifurushi cha kwenda Kakamega au Siaya ikapanda nayo.

Halafu wanunuzi. Walimu wengi wa shule za kibinafsi walikaa bila mshahara tangu shule zilipofungwa Machi 2020, na wao ni wateja wazuri wa nguo na simu katika miji midogo kama Luanda na Mumias. Ndugu wa Nairobi waliokuwa wakituma kila mwisho wa mwezi waliachishwa kazi, wengine wakarudi nyumbani wakawa wanalishwa. Pesa za walio ng'ambo ziliongezeka, ni kweli: Benki Kuu ilihesabu takriban dola bilioni 3.1 mwaka 2020 dhidi ya 2.8 mwaka uliotangulia. Lakini hela hiyo ilitumwa kwa sababu kuna shida nyumbani. Ilienda kwenye unga, dawa na kodi ya nyumba.

Kilichouzika kilikuwa kile unachoweza kukivaa ukiwa jikoni. Madera yalitoka, ndara zilitoka, na vivyo hivyo mashine za kunyolea nyumbani, tangawizi na ndimu, na mitungi yenye mfereji ya kunawia mikono. Viatu vya visigino, suti na vitenge vya sare vililala. Na mazishi! Huku kwetu mazishi ni soko kamili, na yeyote anayeuza fulana za kuchapishwa, maua au nguo za sare anajua. Waombolezaji walipowekewa kikomo cha watu 15 mwaka 2020, oda za fulana 200 zikawa hazipo. Sijaona hesabu ya kitaifa inayoliweka hilo wazi, na kwenye vitabu vyangu lilikuwa pigo kubwa kuliko kafyu kwa watu wa uchapishaji.

Barakoa nazo nizitaje, kwa sababu kila mtu ana hadithi ya aliyetajirika nazo. Walioingia Machi na Aprili walipata. Walioingia Juni waliingia bei ya jumla ikiwa bado juu, na fundi wa kila mtaa anashona za vitambaa kwa bei ya chini. Bado kuna katoni kwenye maghala ya watu.

Juni 2021 ndipo tulipopata kipimo halisi cha ile imani. Corona ya aina ya Delta ilikuwa imeishika Kisumu, na kaunti 13 za ukanda huu, kutoka Busia hadi Bomet na Migori, ziliwekewa kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi alfajiri, na masoko ya bidhaa zisizo chakula yakafungwa kwa siku 30. Kama ugonjwa unamtajirisha muuzaji wa mtandaoni, mwezi huo ungetajirisha. Kilichotokea ni kwamba wauzaji wa soko la Kibuye hapa Kisumu, waliokuwa na mzigo na hawana pa kuuweka, waliingia Facebook wote kwa pamoja. Wauzaji waliongezeka kwa kasi ambayo wanunuzi hawakuifikia. Bei ziliteremka, na kila mtu akaanza kuandika “tunakuletea bure”.

Hiyo “bure” ihesabuni nami. Tuseme dera umelinunua 600 na unaliuza 1,000, mteja analipa akipokea. Umetuma kumi. Saba zimepokelewa: faida ghafi ni 2,800. Bodaboda 150 kwa kila oda ni 1,500. Tatu hazikupokelewa, kwa sababu ukipiga simu unajibiwa mteja hapatikani kwa sasa, na kuzirudisha ni 100 kila moja: 300. Bando na salio la kupiga simu, 250. Umebaki na 750, kabla ya nauli ya mzigo kutoka Nairobi na kabla ya riba, na madera matatu yameshikilia 1,800 ya mtaji wako. Mwaka wa kawaida, labda moja kati ya kumi lingerudi. Mwaka wa shida, mtu huagiza akiwa na pesa na kufikia jioni mtoto ameugua. Simlaumu. Ila huyo anaonekana kama oda kwenye simu yako na hayumo kwenye mapato yako.

Lipo jambo ambalo vitabu vya biashara havilitaji. Hesabu nilizo nazo ni za waliobaki. Walioanguka Mei 2020 hawakuleta vitabu vyao Desemba. Kwa hiyo hata picha hii ya huzuni huenda ni nzuri kuliko ilivyokuwa. Tena siwezi kutenganisha kwa uhakika mteja aliyehamia mtandaoni kwa hofu na aliyehamia kwa sababu kutuma pesa kulikuwa bure. Ada iliporudi Januari 2021 baadhi walirudi kwenye noti, lakini mwezi huohuo shule zilifunguliwa kikamilifu na karo ikameza kila kitu, na mambo mawili yakagongana kwenye mstari mmoja wa hesabu.

Karo hiyo iliendelea kuuma muda mrefu kuliko ugonjwa. Ili kufidia muda uliopotea, kalenda ya shule ilibanwa: mwaka wa masomo wa 2021 ulianza Julai na kuisha Machi 2022, kisha wa 2022 ukaanza Aprili na kuisha Novemba. Mihula ikafuatana bila mzazi kupumua. Kafyu iliondolewa Oktoba 2021, mabasi ya usiku yakarudi, mzigo ukaanza kufika asubuhi, na mauzo ya nguo kwenye vitabu vyangu hayakuamka hadi mwisho wa 2022. Wateja walikuwa wanalipa shule.

Kwa hiyo, kijana wa pikipiki ya babake na wenzako: kabla ya kwenda sacco, niletee taarifa yako ya miezi sita. Tutatoa pesa za chama, za kanisa na za ndugu. Tutatoa kila Fuliza. Miamala iliyogawanywa tutaihesabu kuwa mmoja. Kisha nionyeshe mzigo wako utafikaje Kisumu iwapo mabasi ya usiku yatasimamishwa tena, na unipe majina ya wateja ishirini ambao mshahara wao utaendelea kuingia shule zikifungwa. Ukiwa na hayo nitakuandalia hesabu za mkopo siku hiyohiyo.