Nta, siagi na joto la kaskazi

Mafuta yangu ya mgando ya kujipaka mwilini, ya mwanzo kuuza, niliyatuma Faza kwa boti, mwezi wa Januari, kaskazi, upepo wa msimu wa joto, imekolea. Jioni mteja, mama wa makamo, akanipigia: “Mwanangu, kopo limefika salama, lakini ndani mna uto mtupu.”

Nilikuwa nimefuata vipimo vya video moja ya Uingereza bila kubadilisha hata gramu. Kule baridi huwasaidia. Hapa Lamu mchana hupita digrii 30, na siagi ya shea, yaani mafuta ya kokwa za mti wa shea, huanza kulegea papo hapo. Ikifika 35 hivi imekwisha. Ya kakao hujikaza zaidi kidogo, 34 hadi 38. Uto wa nazi huyeyuka kwenye 24 au 25, ndiyo maana chupa ya jikoni kwetu huiona imeganda asubuhi chache tu za kusi, upepo wa msimu wa baridi, Julai na Agosti. Kinacholishika kopo zima ni nta ya nyuki, ambayo haiyeyuki mpaka digrii 62.

Basi vipimo vyangu hufuata pepo. Katika gramu 100, wakati wa kusi naweka nta 15, shea 45, nazi 40. Kaskazi ikiingia, nta hupanda hadi 22 na nazi hushuka hadi 33. Shea ya kaskazini mwa Uganda ni laini kuliko ya Ghana, kwa hiyo nayo huitaka nta zaidi. Pimeni kwa mizani, tafadhali, si kwa vijiko: kijiko cha nta iliyokwaruzwa na cha nta iliyoyeyuka ni vitu viwili.

Nta naiyeyusha kwenye bakuli lililokaa ndani ya sufuria ya maji ya moto. Kamwe siiweki juu ya jiko moja kwa moja, maana hushika moto. Kabla ya kumimina, natia tone kwenye kijiko baridi, likiganda nakiacha kijiko barazani, kivulini, mpaka adhuhuri. Kidole kikizama bila kuzuiwa, naongeza gramu 2 na kurudia.

Chembechembe kama za mchanga ndani ya shea zimewakatisha wengi tamaa, na shea yenyewe haijaharibika. Ikipoa polepole, mafuta yake magumu hutangulia kuganda na kujikusanya punje punje. Iyeyushe tena yote, kisha uipoze haraka huku ukikoroga. Mimi hununua barafu ile ya wavuvi, nikaiweka ndani ya beseni na kukalisha bakuli juu yake. Inapoanza kuwa nzito kama uji, hapo namimina.

Maji msitie: si ya waridi, si utomvu wa shubiri, si ndimu. Nta peke yake haiyashiki maji na mafuta pamoja. Yatajitenga, na penye maji kuvu huota. Hata asumini mbichi ina maji. Anayetaka harufu namlowekea karafuu kavu chache kwenye uto wa nazi wiki mbili, nikauchuja kwa melimeli. Huo ni wa mikono na miguu tu, usoni na kwa watoto wachanga siupaki, karafuu huwasha.