Je, wajua kwa nini rangi mpya ya kuku husubiri miaka kabla ya kutambuliwa kwenye maonyesho?

Wengi hudhani kwamba mfugaji akiangua kifaranga wa rangi ambayo haijapata kuonekana katika aina yake ya kuku, kilichobaki ni kumlea, kumpeleka maonyeshoni na kuandikisha rangi hiyo. Sivyo, tena si kwa tofauti ndogo. Upya hauna alama yoyote katika shughuli hii. Chama kinachotunza vigezo vya kuku wa maonyesho hakiulizi kama ndege huyo ni wa ajabu, bali kama anaweza kupatikana tena, kwa mfugaji mwingine, kwenye banda lingine. Ndege mmoja wa kipekee ni bahati njema tu, na bahati haiandikwi kwenye kitabu cha vigezo.

Dhana hiyo ina ndugu zake. Wapo wanaoamini kwamba rangi hupimwa maabara, kumbe ushahidi unaodaiwa ni vifaranga wenyewe. Wapo wanaoamini kwamba rangi ikishakubaliwa kwa aina moja, imekubaliwa kwa zote. La: rangi hutambuliwa ndani ya aina. Kuku anaweza kuwa na rangi inayojulikana tangu enzi za mababu wa majaji, na bado wafugaji wake wakatakiwa kuiombea upya kwa ajili ya aina yao. Na wapo wanaofikiri ndege asiyetambuliwa hufukuzwa mlangoni. Kwa kawaida hapana. Hupangwa katika fungu la rangi nyinginezo, hukaguliwa kama wenzake, ila ubingwa wa maonyesho hauwanii.

Kila nchi yenye utamaduni huu ina kitabu chake. Uingereza ilichapisha vigezo vyake vya kwanza mwaka 1865. Nchini Marekani kazi hiyo ni ya American Poultry Association, chama kilichoanzishwa Buffalo, New York, mwaka 1873 na kutoa kitabu chake mwaka uliofuata. Kwa kuwa utaratibu wa Marekani umeandikwa waziwazi kuliko wa wengi, tuufuate huo.

Ombi halitoki kwa mtu mmoja. Wanatakiwa wafugaji wasiopungua 5, ambao kila mmoja ameizalisha rangi hiyo kwa miaka isiyopungua 5 na yuko tayari kuthibitisha hivyo kwa maandishi. Pamoja na ombi huenda maelezo ya rangi yenyewe, unyoya kwa unyoya: shingo, mgongo, bawa, mkia, hadi manyoya laini ya chini yasiyoonekana mpaka jaji ayapekue kwa kidole. Kisha ndege huonyeshwa kwa miaka kadhaa, majogoo na matetea, mapora na matembe, maana rangi inayopendeza kwa jike pekee haijakamilika. Mwishoni huitishwa onyesho maalumu la kufuzu, ambako ndege wapatao 50 hupangwa pamoja ili majaji waone kama wanafanana wao kwa wao. Kanuni hurekebishwa mara kwa mara, kwa hiyo anayetaka kuomba asome toleo la wakati wake.

Sharti linalovutia kuliko yote ni hili: nusu ya vifaranga au zaidi watoke wakilingana na maelezo. Asilimia 50 yaonekana ndogo, hata ya huruma. Kwa nini isiwe 90?

Tazama bluu, ambayo kwa kuku ni kijivu cha moshi chenye kivuli cha samawati. Kuku hurithi nakala mbili za kila jeni ya aina hii, moja kwa baba na moja kwa mama. Asiye na nakala yoyote ya jeni ya bluu huwa mweusi. Mwenye moja huwa bluu. Mwenye mbili hupauka kupita bluu, akawa mweupe mweupe mwenye madoa na michirizi ya kijivu. Sasa mpandishe jogoo wa bluu kwa tetea wa bluu, na uone kila kifaranga kama sarafu mbili zilizorushwa pamoja. Robo ya mirusho huleta vichwa viwili, robo huleta migongo miwili, na nusu huleta kimoja cha kila upande. Bluu ndiyo huo mchanganyiko. Unaweza kuchagua wazazi bora kwa vizazi 20, lakini hesabu haitasogea, kama vile kuzing'arisha sarafu hakubadilishi zinavyoanguka. Mwana wa nyoka ni nyoka, lakini kifaranga wa bluu si lazima awe bluu.

Na nusu hiyo ni wastani, si ahadi. Katika vifaranga 8, uwezekano wa kupata bluu chini ya 4 ni takriban asilimia 36, bila mfugaji kukosea chochote. Ndiyo maana kiota kimoja hakithibitishi wala kukanusha kitu, na miaka 5 ya kumbukumbu ina maana kuliko picha moja nzuri. Tena jeni hii hutawala msingi wa rangi tu. Ukolevu wa kijivu na ukingo mweusi wa kila unyoya huamuliwa na jeni nyingine, ambazo mfugaji anaweza kuzichagua kwa subira.

Lavenda, kijivu chepesi ambacho mgeni angekichanganya na bluu, haina vituko hivyo. Jeni yake hujificha mpaka nakala zote mbili zikutane, na zikikutana, wazazi wawili wa lavenda huzaa lavenda watupu.

Lakini kioja halisi ni Andalusian. Aina hii imo katika kitabu cha Marekani tangu 1874, na rangi yake inayotambuliwa ni bluu peke yake. Anayetaka banda zima la vifaranga wa bluu hampandishi bluu kwa bluu. Humpandisha mweusi kwa yule mweupe mwenye madoa, na kila yai hutoa bluu. Wazazi hao wawili, wenye uwezo wa kujaza meza za maonyesho kwa rangi rasmi kwa asilimia 100, wao wenyewe wamo katika fungu la rangi nyinginezo.