Injini ya Pikapu ya Dizeli Inapogonga: Dhana na Ukweli
Mtu akifika gereji na pikapu kuukuu ya dizeli, tuseme Hilux yenye injini ya 3L ya silinda nne na ujazo wa lita 2.8, akaeleza kwamba injini inagonga, mara nyingi huambiwa palepale kwamba beringi za kranki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, zimekwisha na injini lazima ifunguliwe. Dhana hii imewatia watu wengi hasara isiyo ya lazima. Dizeli haiwashwi kwa plagi, bali huwaka kwa joto la hewa iliyoshindiliwa. Kwa hiyo nozeli, yaani kifaa kinachopuliza mafuta ndani ya silinda, ikinata au ikidondosha matone badala ya kupuliza ukungu, huyafanya mafuta yalipuke kwa kishindo kinachofanana kabisa na chuma kinachogonga chuma.

Kwa injini hizi za pampu ya zamani, kipimo cha kwanza kinahitaji spana tu. Injini ikiunguruma taratibu, legeza kidogo nati ya bomba la kila nozeli, moja baada ya nyingine, ili silinda yake ikose mafuta, huku umeifunika kwa kitambaa na uso umeuweka mbali. Kwenye pikapu tuliyokuwa tukibebea mahindi, nati ya tatu ilipolegezwa, dizeli ilitoka povu pembeni yake na mlio ukakatika mara moja.

Hapo ndipo dhana ya pili inapoingia, kwamba nozeli imekwisha kupatikana na hatia. Ukweli ni kwamba hata beringi ya fimbo ya pistoni iliyolika hunyamaza silinda yake ikikosa mafuta, kwa sababu pistoni haisukumwi tena kwa nguvu. Tuliihamishia nozeli ya tatu kwenye silinda ya kwanza, na mlio ukahama nayo. Ungebaki silinda ya tatu, fundi aliyetaka kuifungua injini angekuwa na hoja.

Kipimo hiki kisijaribiwe kamwe kwenye injini za kisasa za komoni reli, yaani zile ambazo nozeli zote hulishwa na bomba moja la pamoja, ambamo shinikizo la mafuta hupita baa 1,000 na mchirizi wake hutoboa ngozi.

Wapo wanaoamini kwamba oili nzito huponya injini inayogonga. Oili hiyo huufunika mlio tu, na asubuhi huchelewa kuzifikia beringi. Kinachofaa ni kupima shinikizo la oili kwa geji injini ikiwa ya moto, kisha kuikata filta ya oili na kutazama karatasi yake: vipande vinavyometameta vikionekana humo, gari lisiendeshwe tena.

Wengine hufarijiana kwamba dizeli zote kuukuu hugonga. Mlio wa asubuhi unaopotea injini ikipata moto unaweza kuvumiliwa, lakini uliozuka mara tu baada ya kubadilisha mkanda wa taimingi si uzee; kagua alama za mpangilio kwenye pampu ya mafuta, ambayo huzungushwa na mkanda huo, kwani mafuta yakiingia mapema mno, silinda zote nne hugonga.