Si Kila Pingili Inayobomoka Imeliwa na Kifua Kikuu

Mkazi wa Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania anapofika kliniki ya mifupa akiwa na maumivu ya mgongo ya miaka mingi, na picha ya eksirei ikaonyesha pingili zilizobomoka, daktari hushuku kwanza kifua kikuu, na mara nyingi huwa sahihi. Wapo wachache, hata hivyo, wanaomaliza dawa za kifua kikuu bila nafuu yoyote, na kwao tegu la mbwa, mnyoo wa utumbo wa mbwa ambao vifuko vyake huweza kuota hata katika mifupa ya binadamu, linapaswa kukumbukwa.

Mbwa huambukizwa anapokula maini au mapafu mabichi ya kondoo, mbuzi au ng'ombe yenye vifuko vya maji, kisha hutoa mayai ya tegu katika kinyesi, nayo humfikia binadamu kupitia mikono, maji au mboga. (Wafugaji wa Mbozi, mkoani Songwe, wasilichanganye na tegu la nguruwe, ambalo vifuko vyake hukaa zaidi katika misuli na ubongo.) Takriban asilimia 70 ya vifuko vya tegu la mbwa huota katika ini, vingi vya vinavyobaki katika mapafu, mifupa hupata kati ya asilimia 0.5 na 4 tu, karibu nusu yake ikiwa uti wa mgongo.

Ugumu uko hapa: katika ini mwili hukizungushia kifuko ukuta, lakini ndani ya mfupa ukuta huo haujengeki, hivyo vijifuko vidogo hupenya polepole katika uboho, bila homa, hadi mfupa uvunjike kwa mshtuko mdogo au miguu ipooze. Kipimo cha damu kinaweza kutoonyesha kitu ilhali ugonjwa upo. Picha za MRI na CT, zinazoonyesha ndani ya mwili kwa undani, ndizo husaidia zaidi. Kuchoma sindano kwenye uvimbe ili kuchukua sampuli, kabla ya kuushuku ugonjwa huu, ni hatari, kwa kuwa maji ya kifuko yakimwagika huweza kusababisha mzio mkali na kueneza vimelea.

Tiba ni upasuaji wa kuondoa mfupa ulioathirika kwa upana unaowezekana, pamoja na albendazoli. Dawa ni ileile ya minyoo wanayopewa watoto shuleni kwa kidonge kimoja, ila hapa humezwa mara mbili kwa siku kwa miezi mingi, huku ini na chembe za damu zikipimwa; kwa mjamzito, daktari wake ndiye huamua kama ataitumia. Kwa kuwa ugonjwa hurudi mara nyingi, mgonjwa hufuatiliwa kwa picha kwa miaka kadhaa, hata anapojisikia mzima.