Kufunga msimu wa kamba: maana yake

Kufunga msimu ni kukubaliana kwamba kuanzia tarehe fulani hadi tarehe fulani kamba hawavuliwi, kisha uvuvi unafunguliwa tena. Hifadhi hufunga mahali. Msimu hufunga wakati.

Sababu iko kwenye maisha ya kamba mwenyewe. Wakubwa hutaga baharini. Vitoto vyao huletwa na mikondo na maji kujaa hadi kwenye mikoko, pale maji ya mto yanapokutana na ya chumvi, kama delta ya Rufiji au Ghuba ya Ungwana ambako Mto Tana humwagika. Humo hula na kukua kwa miezi michache, halafu hutoka kurudi baharini kuzaa. Umri wote wa kamba ni kama mwaka mmoja tu au zaidi kidogo, kwa hiyo wiki chache kwake ni nyingi. Aliyenaswa kijitoni akiwa sawa na kidole cha mtoto, angeachwa mwezi mmoja au miwili angerudi na uzito mara kadhaa, na pengine angekuwa amekaribia kutaga. Ndiyo maana kufunga kwa muda mfupi huwafaa kamba kuliko samaki wanaochukua miaka kukomaa.

Basi tarehe ndiyo kila kitu. Nchini Kenya, mpango wa usimamizi wa uvuvi wa kamba wa 2010 ulizifungia trola, yaani meli kubwa zinazokokota nyavu, za Malindi na Ungwana kuanzia 1 Novemba hadi 31 Machi. Hiyo ni miezi ya kaskazi, vyombo vidogo vinapotoka kwa wingi, kwa hiyo kufunga huko kulipunguza pia ugomvi wa nyavu za wavuvi wadogo kukatwa na trola.

Kumfungia mvuvi wa mtumbwi ni jambo zito zaidi, na nadhani wapangaji wengi hulipita haraka mno. Trola huhamia kwingine au hutia nanga. Yeye ana watoto wa kulisha jioni hiyo hiyo. Afadhali kufunga vijito vya mikokoni peke yake na kuacha maji ya nje wazi, na tarehe zipangwe na wavuvi wenyewe kupitia BMU yao, yaani kikundi chao cha kusimamia ufuo na uvuvi, kwa kuwa wao ndio wanaoona kamba wadogo wanapoanza kujaa kwenye vimia.

Na mnunuzi naye afungiwe msimu. Ndoo ya kamba wadogo ikiendelea kupata bei pwani, hakuna doria itakayowazuia watu kuingia mikokoni usiku.