Jahazi Limezama, Bima Ninayo: Mbona Silipwi?

"Bima ninayo, jahazi limezama, sasa shida iko wapi?" Swali hili nimeulizwa Mombasa, nimeulizwa Lamu, na juzi tena Kilifi. Anayeuliza karibu kila mara ana chombo cha miaka 30 au zaidi, na mkataba wa bima ambao hajawahi kuufungua. Basi niliandike mara moja, niwe nawatumia.

Bima ya chombo hailipi kwa sababu tu chombo kimezama. Inalipia ajali za baharini, yaani mambo ambayo hukuyatarajia: kupanda mwamba, kugongwa na boti, dhoruba isiyo ya kawaida. Sheria ya Bima ya Baharini ya Kenya, Sura ya 390, imefuata nyayo za ile ya Uingereza ya mwaka 1906. Humo imeandikwa kwamba kampuni haibebi uchakavu wa kawaida, kuvuja kwa kawaida, wala uharibifu wa panya na wadudu. Upepo wa kila siku na mawimbi ya kila siku navyo havihesabiwi kuwa ajali.

Chukua jahazi lililotia nanga kwenye hori la Mtwapa. Usiku shwari, asubuhi liko chini. Mwenyewe anasema bahari imelichukua. Bahari gani, na maji yalikuwa yametulia kama ya beseni? Likipandishwa, misumari imeliwa na kutu, kalafati (pamba ya kuzibia nafasi za mbao) imetoka kwenye viungo, mbao za chini zimejaa matundu ya wadudu. Na anayetakiwa kuthibitisha kwamba palikuwa na ajali ni yeye anayedai, si kampuni.

Halafu anajimaliza mwenyewe: "Nilijua linavuja, lakini pampu ilikuwepo." Ewe ndugu yangu! Katika mkataba wa muda, yaani wa kipindi fulani wala si wa safari moja, sheria haichukulii kwamba umeahidi chombo ni kizima. Lakini ukikipeleka baharini huku unajua hakifai, hasara iliyoletwa na ubovu huo ni yako. Umeshajitolea ushahidi kabla hata mtathmini hajavua viatu.

Msinielewe vibaya, uzee peke yake si kosa. Jahazi kuukuu lililotunzwa, likigongwa, hulipwa kama jingine lolote lenye bima. Kinachotakiwa ni kuonyesha kwamba lilitunzwa. Ndiyo maana nawasumbua wateja, nao hunicheka: kila unapolipandisha pwani, ng'oa misumari michache chini ya mstari wa maji, sehemu tofauti, uipige picha yenye tarehe. Weka risiti za fundi, za pamba, za mafuta ya sifa ya kupaka mbao. Daftari hilo litakutetea kuliko binamu yako wakili.

"Lakini cheti cha KMA, Mamlaka ya Bahari ya Kenya, ninacho." Vizuri, kitunze. Hicho ni cha usalama wa safari na abiria. Kwa chombo cha zamani, kampuni nyingi hudai ripoti ya mkaguzi wao kuhusu hali ya chombo chenyewe, kikiwa nje ya maji. Hivyo ni vitu viwili.

Wengine hukata bima ya matumizi binafsi, kisha jioni wanapandisha watalii kutazama machweo kwa nauli. Sema mapema, ulipe ziada. Kampuni ikigundua baada ya ajali, hakuna mazungumzo.

Tanga nalo huleta ugomvi kila msimu wa kusi. Masharti ya bima ya London ya mwaka 1985 ya vyombo vya matanga, ambayo bado yanatumika sana, hayalipi tanga lililopasuliwa na upepo likiwa limetwekwa, isipokuwa mlingoti au foromali (mti unaofungiwa tanga) imeharibika, au chombo kimekwama au kimegongana. Mashine ya nje, ile inayofungwa nyuma ya chombo, ikidondoka majini, hailipwi. Katika mashindano, mlingoti, foromali na matanga havimo mpaka uvilipie zaidi. Watu wa Lamu, mmesikia.

Kuhusu thamani: kiasi mlichokubaliana na kuandika mkatabani ndicho hushikwa chombo kikipotea kabisa. Ila ukiitaja thamani kubwa kupita kiasi na kuficha, kampuni ina haki ya kuufuta mkataba wote.

Na wapo wanaosema likizama limezama, yameisha. Hayajaisha. Mkataba wa kimataifa wa kuondoa mabaki ya meli, uliopitishwa Nairobi mwaka 2007, unalazimisha bima kwa meli za tani 300 na zaidi. Jahazi lako halimo. Lakini likilala kwenye njia ya vyombo, atakayetafutwa ni wewe, na gharama ya kuliondoa yaweza kupita bei uliyolinunulia. Soma kifungu cha mabaki katika bima yako kabla hujaomba punguzo la bei.